Hiki ni Kiraka Tu

Wiki tatu zilizopita nilikaa katika chumba kimoja hapa Sumbawanga, wahadhiri watano upande huu wa meza na mwanafunzi mmoja upande ule, tukipokea mapendekezo ya miradi ya mwaka wa mwisho. Mvua za kwanza zilikuwa zikipiga bati hata ikabidi kila asemaye apaze sauti. Mwanafunzi, kijana wa kutoka wilaya ya Nkasi, alituamkia, akafungua kompyuta mpakato yake ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, akatuonyesha mistari ya msimbo isiyofika 60.

“Mfumo wako uko wapi?” akauliza mmoja wetu.

“Mwalimu, mfumo upo tangu mwaka 2006, na si wangu. Mimi nimefufua kiraka chake kimoja, na ninaomba mradi wangu uwe kukitunza kwa mwaka mzima.”

Kimya kidogo. Kisha hukumu: “Hiki ni kiraka tu. Nenda ukatuletee mfumo.”

Akaenda. Sasa anaandika mfumo wa kusimamia ghala la mahindi, ambao yeye mwenyewe ameniambia, kwa adabu na bila kinyongo, kwamba hakuna ghala lililouomba. Mimi nilikuwamo chumbani. Sikutia neno. Makala haya ni neno nililopaswa kulitia siku ile, na ninaliandika hadharani kwa kuwa kosa lile si la chumba kimoja.

Nianze na kilichodharauliwa, maana wengi wa wasomaji wangu ni watumishi wa umma na wanaharakati ambao hawalazimiki kujua mambo haya. Programu aliyoishughulikia kijana inaitwa dwm. Kazi yake ni kusimamia madirisha: ukifungua barua, kitabu na hesabu zako kwa wakati mmoja, ndiyo inayoamua kila kimoja kikae wapi kwenye skrini na kichukue nafasi kiasi gani. Ni programu huria, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mjerumani Anselm Garbe chini ya mradi uitwao suckless, na watunzaji wake wamejiwekea mwiko kwamba msimbo wake usizidi mistari 2000. Haina hata faili la mipangilio linalosomwa programu inapowashwa. Ukitaka kubadilisha rangi, unabadilisha msimbo wenyewe na kuijenga programu upya. Anayetaka jambo la ziada hujibiwa, mara nyingi bila kubembelezwa, kwamba aliandike mwenyewe. Ndiyo maana watumiaji wake wamejenga desturi ya kupeana viraka.

Kiraka, katika maana hii, ni faili dogo la maandishi. Mistari yenye alama ya kutoa ni ya kuondolewa, yenye alama ya kujumlisha ni ya kuongezwa, na kando yake imeachwa mistari michache isiyoguswa, ili kompyuta itambue mahali pa kushona. Chombo cha kushonea, kiitwacho patch, kiliandikwa na Mmarekani Larry Wall mwaka 1985 na kinatumika hadi leo. Yote haya ni rahisi siku ya kwanza. Taabu huja baadaye. Toleo la 6.2 la dwm lilitoka mwaka 2019, la 6.5 likatoka mwaka 2024. Katikati ya hapo nguo imebadilika: mstari umehama, jina la kitu limegeuzwa, kazi moja imegawanywa kuwa mbili. Kiraka kilichokatwa kwa kipimo cha nguo ya mwaka 2019 kinafika mahali pake, hakioni mistari kinayoitafuta, na chombo kinaandika kwamba kipande cha kwanza kimekubali, cha pili kimekubali, cha tatu kimekataliwa. Kilichokataliwa kinawekwa kando katika faili lake, na hapo anahitajika binadamu. Lazima asome msimbo wa zamani, asome mpya, aelewe aliyebadilisha alikuwa na sababu gani na aliyeandika kiraka alikuwa na nia gani, kisha ashone upya bila kuharibu cha huyu wala cha yule. Toleo likitoka tena, anaanza tena.

Kijana wetu alikikuta kiraka cha mtu asiyemfahamu, kilichokatwa kwa toleo la 6.2 na kuachwa. Kilikuwa kikigawanya vizuri madirisha kwenye skrini ndogo kama yake. Akakileta hadi toleo la sasa, akagundua kosa lililokuwamo tangu mwanzo, akalirekebisha, akarudisha kazi yake kwa jumuiya. Nimefundisha kwa miaka mingi, na nasema bila kusita kwamba katika chumba kile siku ile hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee iliyomlazimu mwanafunzi kusoma mawazo ya mtu mwingine hadi mwisho.

Kuna mtu atauliza: dirisha kukaa hapa au pale, hilo nalo ni jambo la kuandikia makala? Tazama basi mazingira yetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha uangalizi wake wa kawaida kwa Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine. Ingia katika maabara ya shule yoyote ya sekondari ya kata, Laela au Matai, uzihesabu kompyuta zinazokidhi sharti hilo. Zilizobaki zina njia mbili: zitupwe, au ziwekewe programu nyepesi ambazo mtu fulani, mahali fulani, anazitunza. Sisi wa uwanda wa Ufipa tunaishi kwa mashine ambazo wengine wamezichoka. Programu ya kusimamia madirisha yenye mistari 2000 inaifanya mashine ya aina hiyo ifungue kitabu bila kugandaganda. Kwetu sisi, kiraka kinachotunzwa kinaongeza miaka ya uhai wa kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za mahindi.

Sasa niseme jambo lenyewe. Taifa letu lina ugonjwa wa uzinduzi. Tunajua kukata utepe, kuchapa fulana na kumwalika mgeni rasmi. Hatujui la kufanya siku ya 400 baada ya utepe. Na vyuo vikuu, ambavyo vingepaswa kuwa hospitali ya ugonjwa huu, vimekuwa kiwanda chake. Kila mwaka tunawaamuru mamia ya vijana watengeneze “mfumo mpya”: wa maktaba, wa hosteli, wa mahudhurio, wa zahanati. Kila mmoja anaanza kutoka sifuri, kila mmoja anatetea mbele ya jopo, na kesho yake mfumo unakufa. Hauziki mtu, hauliliwi na mtu. Mwaka unaofuata mwingine anaandika ule ule wa maktaba. Kijana anahitimu akiwa ameanzisha kitu kimoja na hajatunza chochote, kisha tunamwajiri kuwa afisa TEHAMA wa halmashauri, na tunashangaa akikutana na mfumo ulioharibika anapendekeza ununuliwe mpya.

Si kwamba hatujui thamani ya matengenezo. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zaidi ya 220, ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa MCC uliosainiwa mwaka 2008. Waliowahi kusafiri njia ile wakati wa masika kabla ya lami hawahitaji kuelezwa ilileta nini. Lakini serikali haikudhani kwamba lami ikishamwagwa kazi imekwisha. Tuna Mfuko wa Barabara. Kila anayenunua lita ya mafuta anauchangia, na sheria imeelekeza sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo kwenye matengenezo, sehemu ndogo tu kwenye ujenzi mpya. Yaani kwa barabara tumekubali, kwa sheria, kwamba kuziba mashimo ni kazi ya kudumu yenye bajeti yake. Hakuna anayemwambia fundi wa barabara akiwa na kokoto na lami ya moto kwamba “hiki ni kiraka tu”. Mbona basi tukifika kwenye msimbo akili hiyo hiyo tunaivua mlangoni?

Na tumeshalipa gharama ya kuivua. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu kamili ya ofisi ikizungumza Kiswahili. Waliofanya kazi ile walistahili kila sifa waliyopewa. Walikaa na istilahi mmoja baada ya nyingine, wakaamua neno gani litumike kwa faili, kwa hariri, kwa jedwali, wakati wengine wakidai Kiswahili hakiwezi. Ila programu ya ofisi haisimami. Mwaka 2010 OpenOffice iligawanyika ikazaliwa LibreOffice, na kila toleo huja na maneno mapya yanayosubiri tafsiri. Kiswahili cha Tanzania bado kimo katika orodha ya lugha za LibreOffice. Hata hivyo katika ofisi zote za umma nilizoingia hapa mkoani sijakuta mtumishi hata mmoja aliyeifungua kwa Kiswahili. Uzinduzi ulikuwa na wenyewe. Ufuatiliaji wa toleo kwa toleo haukuwa na cheo, fungu wala mshahara. Nawaambia wanafunzi wangu wanaopenda kulalamika kwamba teknolojia haizungumzi lugha yetu: ilizungumza. Sisi ndio tulioacha kuijibu.

Linganisha na DHIS2, ambayo watumishi wa afya wanaosoma hapa wanaifahamu kwa kuingizia takwimu za vituo vyao kila mwezi. Mizizi yake ni Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 1990, na kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Chuo hicho kimeitunza kwa zaidi ya miaka 20, na kimewahesabia watu kazi hiyo kuwa usomi. Wapo Watanzania waliopata shahada za uzamivu kule kwa kushughulika na mfumo huo huo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa muda mrefu. Kumbe chuo kikuu kinaweza kutunza! Kinachonikera ni kwamba Mtanzania alihitaji kupanda ndege hadi Oslo ili kutunza programu kuitwe elimu. Angebaki Sumbawanga, jopo lingemtuma akaandike mfumo wa ghala.

Nimekwisha kusikia hoja za kunipinga, nyingine zikitoka kwa watu ninaowaheshimu. Ya kwanza ina uzito. Mwanaharakati mmoja rafiki yangu ananiambia: “Ndugu yangu, unawafundisha watoto wa maskini kufanya kazi bure kwa ajili ya matajiri.” Hakosei kabisa. Machi 2024 dunia ilishtuka kugundua kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika seva zisizohesabika, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri. Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Ufini, alikuwa akiibeba karibu peke yake, bila malipo, amechoka. Akajitokeza “msaidizi” mwenye jina la Jia Tan, akakaa naye zaidi ya miaka miwili akijijengea imani, kisha akaweka sumu. Aliyeigundua, Andres Freund, alishtushwa na kuchelewa kwa nusu sekunde tu wakati wa kuingia kwenye mashine. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yameegemea mgongo wa mtu mmoja aliyechoka. Basi rafiki yangu ana haki ya kuhofia migongo ya vijana wetu.

Lakini hoja yake inafika katikati ya mto na kusimama. Kisa cha xz kinathibitisha kwamba utunzaji ni kazi nzito inayostahili malipo na hadhi. Hakithibitishi kwamba sisi tukae nje. Wala dwm haina bilionea nyuma yake. Wanaonufaika na kiraka kile ni watu wenye skrini ndogo, na kwao hao kijana wa Nkasi anahesabika wa kwanza. Tena, sisi si wageni wapya katika nyumba hii. Seva, simu, tovuti, mifumo ya vyuo: tumekula programu huria kwa miaka mingi, asubuhi na jioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu ilipita zamani, na kijana aliponyoosha mkono kupokea jembe, sisi wenye vyeo tulimpokonya.

Hoja ya pili ni ya wahadhiri wenzangu: kiraka hakipimiki, tutampaje alama? Hapa nitasema kitakachowaudhi. Miradi tunayoipima leo ndiyo isiyopimika. Kila mhadhiri anajua kwamba mradi mzima, ripoti pamoja na msimbo, unaweza kununuliwa, na kila mwenye steshenari karibu na chuo ameuchapa ule ule zaidi ya mara moja ukiwa na majina tofauti kwenye jalada. Kiraka kinachotunzwa hadharani kina tarehe ya kila badiliko, kina maswali ya wageni na majibu ya mwanafunzi, kina kosa alilolikiri Februari na namna alivyolirekebisha Machi. Mtu anaweza kununua mfumo siku mbili kabla ya kutetea. Mwaka mzima wa kujibu barua za watu hauuzwi popote.

Hoja ya tatu, kwamba kiraka ni kidogo mno, naiacha ijifie. Wapenzi wa mpira wanajua mchezaji kiraka ni nani na kocha humtafuta saa ngapi.

Uwanda huu wenyewe ungeweza kutufundisha. Wafipa, kwa vizazi vingi, wamelima kwa intumba: nyasi za masika zinafukiwa chini ya udongo uliogeuzwa kwa jembe, vinapatikana vichuguu vya mboji, nyasi zinaoza humo, na msimu unaofuata vichuguu vinasambazwa na ulezi unapandwa. Maofisa kilimo wa kikoloni, waliozoea kuwakaripia Waafrika kwa kuharibu ardhi, walifika hapa wakaandika makala za kuusifu utaratibu huo. (Jirani yangu, mzee mwenye utani, husema sisi wasomi tumebakiza mitumba tukasahau intumba.) Mkulima wa intumba anatumia jasho la mwaka huu kwa ajili ya shamba la mwaka ujao, na katika hesabu za chuo chetu kazi yake ya mwaka huu ingepata sifuri.

Basi ninadai nini? Kwa vyuo, jambo moja linalowezekana muhula ujao bila senti ya ziada: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aruhusiwe kuchagua kutunza badala ya kuanzisha. Achague programu huria iliyo hai, achukue kiraka, tafsiri au sehemu iliyoachwa, aibebe miezi tisa, na mwisho wake atetee historia ya kazi yake. Msimamizi apime jinsi alivyosoma, alivyojibu, alivyokosea na kurekebisha. Na mhadhiri anayefanya kazi hiyo ahesabiwe pia. Mfumo wetu wa kupandisha vyeo unahesabu pointi za machapisho. Makala iliyosomwa na watu wanne inaniongezea cheo, na kiraka kinachotumiwa na watu wasiojuana katika nchi kadhaa kinaniongezea usingizi mchache. Sijui mtumishi mwenye familia ambaye utamshawishi kwa mahubiri tu afanye la pili.

Kwa maafisa TEHAMA wa halmashauri na wizara, nina ombi dogo kuliko hilo. Kila mnaporekebisha programu huria kwa ajili ya ofisi zenu, na najua mnarekebisha, rudisheni marekebisho hayo kule yalikotoka, kwa kadiri sheria na viongozi wenu wanavyoruhusu. Marekebisho yanayobaki ndani ya kompyuta ya mtu mmoja pale Mazwi yanahamishwa naye siku anapohamishwa kituo. Nimeshuhudia ofisi ikishindwa kupandisha toleo kwa sababu aliyefanya marekebisho yupo Lindi na hakuacha hata mstari wa maelezo. Na katika zabuni, andikeni kifungu cha matunzo cha miaka, chenye bei yake, kabla hamjajadili rangi ya fulana za uzinduzi.

Kwa wanafunzi sina la kuwadai. Nina onyo tu: jumuiya hizi hazina upole wa mama. Utaandika kwa unyenyekevu, utajibiwa kwa neno moja, pengine la kukata. Usichukulie kwamba ni kwa sababu unatoka Sumbawanga; humjibu hivyo hata anayetoka Berlin. Rekebisha, tuma tena.

Nimeomba jopo likutane upya kuhusu kijana wa Nkasi. Nimeandika barua, nimetia sahihi, na safari hii nimeweka wazi kwamba mimi ni mmoja wa waliokaa kimya. Majibu bado. Wakati huo huo dwm haimsubiri mtu: mabadiliko mapya yameingia, kiraka chake hakishiki tena, na yeye yumo katika ghala lake la mahindi la kufikirika akihesabu magunia yasiyokuwapo. Alinijia ofisini juzi jioni.

“Shikamoo mwalimu. Kuna mtu ameandika kuuliza kama kile kiraka bado kina mwenyewe. Nimjibu nini?”

Nikamwambia amjibu kwamba kinaye, kwa muda, mhadhiri wake. Nimekaa nacho usiku wa jana na wa leo, kwa betri, maana umeme ulikatika saa tatu. Kipande cha kwanza kimekubali. Cha pili kimekubali. Cha tatu kimekataliwa, nami nipo mstari wa 41, nasoma.